Insha ya Kitaaluma kwa Kiingereza: Maandalizi ya Mwanafunzi Anayetoka Singida Kwenda Chuo cha Ughaibuni

Neno insha limetoholewa kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuunda, kuanzisha au kutunga. Katika matumizi ya Tanzania neno hili limebeba maana mbili ambazo aghalabu hazitenganishwi. Ya kwanza ni utungo wa shuleni: mwanafunzi hupewa methali au kichwa cha habari, akatunga kisa au maelezo yenye mwanzo, kati na mwisho, kisha akapimwa kwa ufasaha wa lugha na mtiririko wa mawazo. Ya pili ni andiko la kitaaluma: mwandishi hupewa swali, akalijibu kwa dai moja lililo wazi, na akalitetea dai hilo kwa ushahidi alioupata katika maandiko ya wengine na kuupima mwenyewe.

Insha ya maana ya kwanza ina heshima yake katika Kiswahili. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, na vizazi vya walimu vimeendelea kuifundisha sanaa hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi anayepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza, Kanada au Marekani, akachukua ujuzi wa insha ya kwanza na kuutumia kuandika insha ya pili, hujikuta amerudishiwa kazi yenye sentensi nzuri na alama haba. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, na namna ya kujiandaa kabla ya safari.

Lugha tatu, kazi moja

Tumchukulie mwanafunzi aliyekulia Ikungi, Kiomboi au Mkalama, mkoani Singida. Yamkini lugha yake ya kwanza ni Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, au Kinyiramba. Shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Sekondari ameisoma kwa Kiingereza. Anapofika chuoni ughaibuni, Kiingereza ni lugha yake ya tatu, na wengi wa wanaomzunguka darasani wana lugha hiyo tangu utotoni.

Hali hii si ngeni. Julius Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kuhitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Baadaye alizitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare. Lugha nyingi si mzigo kwa anayejua kila moja anaitumia kwa kazi gani. Shida huja pale mwandishi anapodhani kwamba kuandika insha kwa Kiingereza ni kutunga kwa Kiswahili kichwani, kisha kubadilisha neno moja baada ya jingine.

Kulielewa agizo la swali

Swali la insha huwa na kitenzi cha agizo, na kitenzi hicho ndicho kinachotawala kazi nzima. Kamusi za lugha mbili hutoa visawe vya vitenzi hivi, lakini kisawe cha kamusi hakitoshi kueleza kinachotakiwa. Tofauti kuu ni hizi:

Eleza: toa taarifa kwa mpangilio ili asiyejua ajue. Hapa maoni ya mwandishi hayatakiwi sana.

Fafanua: weka wazi maana au sababu, kwa mifano.

Linganisha: onyesha kufanana na kutofautiana kwa vigezo vilevile kwa pande zote mbili. Kueleza upande mmoja hadi mwisho, kisha kuhamia wa pili, bado si kulinganisha.

Changanua: gawa jambo katika sehemu zake na onyesha jinsi sehemu hizo zinavyohusiana.

Jadili: pima hoja zinazounga mkono na zinazopinga, kisha fikia msimamo.

Tathmini: toa hukumu juu ya thamani au ukweli wa jambo kwa vigezo unavyovitaja.

Kitenzi kinachowaponza wengi ni jadili. Katika mazungumzo ya kawaida, kujadili ni kulizungumzia jambo, hivyo mwanafunzi huandika yote anayoyajua kuhusu mada. Kwa mhadhiri, kitenzi "discuss" kinadai upimaji na msimamo. Insha iliyojaa taarifa sahihi bila msimamo huhesabiwa kuwa haijalijibu swali.

Neno jingine la kuangaliwa ni "critically", ambalo huongezwa mara kwa mara kwenye maagizo. Kamusi huelekeza kwenye kukosoa, na msomaji wa Kiswahili huelewa kwamba anatakiwa kutafuta makosa. Kisawe kilicho karibu zaidi na maana ya chuoni ni kwa kuhakiki: kuuliza ushahidi umetoka wapi, unathibitisha kiasi gani, na nini kimeachwa. Mhakiki anaweza kumaliza kwa kukubaliana na mwandishi anayemhakiki.

Kutoka mada hadi dai

Mada si dai. Alizeti mkoani Singida ni mada. "Alizeti ni zao muhimu sana mkoani Singida" ni kauli ya kweli, lakini hakuna anayeibishia, kwa hiyo hakuna cha kutetea. Dai la insha ni kauli ambayo mtu mwenye akili timamu na taarifa za kutosha angeweza kuipinga.

Tuseme swali ni hili: Je, kilimo cha alizeti kimeinua maisha ya wakulima wadogo wa Singida? Jadili. Mwanafunzi wa Singida ana hazina kubwa hapa. Ameona mashamba, ameona viwanda vidogo vya kukamua mafuta, anajua mashudu huuzwa kuwa chakula cha mifugo, na amesikia wakulima wakilalamikia mafuta ya mawese yanayoingizwa kutoka nje. Lakini akiyamwaga yote haya kwenye karatasi, atakuwa ameeleza tu. Akikaa na swali, anaweza kufikia dai kama hili: alizeti huinua kipato cha mkulima pale tu anapokuwa na uwezo wa kuhifadhi mavuno hadi bei ipande, anayelazimika kuuza mara baada ya kuvuna hubaki alipokuwa.

Dai hili linaweza kuwa kweli au lisiwe kweli. Hilo litaamuliwa na ushahidi. Uzuri wake ni kwamba linamwambia mwandishi atafute nini: bei za msimu, upatikanaji wa maghala, madeni ya wakulima. Pia linamwambia aache nini. Historia ya kuingia kwa alizeti nchini, hata kama anaijua vizuri, haina nafasi isipokuwa inasaidia dai.

Hapa ndipo mazoea ya insha ya shuleni huleta madhara makubwa. Tumefundishwa kuanza kwa methali au kwa maelezo mapana, na kumwacha msomaji aufikie ujumbe mwishoni, kama anavyofikishwa na msimulizi wa hadithi. Insha ya kitaaluma kwa Kiingereza hutaja dai lake katika utangulizi, na kila aya huanza kwa kauli inayoonyesha inaongeza nini kwenye dai hilo. Mwandishi aliyezoea staha ya Kiswahili huona huku ni kukosa adabu, kana kwamba anaanza kudai kabla ya kusalimia. Si hivyo. Msomaji wa huko huichukulia kauli ya mapema kuwa ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu inamwezesha kuupima ushahidi tangu aya ya kwanza.

Kusoma, kudondoa na kunukuu

Kudondoa, kwa asili, ni kuokota punje moja moja. Ndiyo maana dondoo ni kipande kidogo kilichochukuliwa kutoka andiko kubwa kwa kuchaguliwa. Kunukuu ni kuyarudia maneno ya mwandishi kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. Kusema upya ni kutoa wazo lake kwa maneno na muundo wako. Marejeo ni orodha ya maandiko uliyoyatumia. Namna zote tatu za kutumia kazi ya mwingine, yaani dondoo, nukuu na kusema upya, zinadai kumtaja mwenye kazi. Kutomtaja huitwa wizi wa kitaaluma, na adhabu yake yaweza kuanzia kupewa sifuri hadi kufukuzwa chuo. Kwa anayesomeshwa kwa ufadhili, kosa hili moja laweza kumrudisha nyumbani.

Wanafunzi wengi huangukia kosa hili bila nia ya kuiba. Huko shuleni, kukariri maneno ya kitabu na kuyarudisha kwenye mtihani kulihesabiwa kuwa ndiko kujua. Tazama sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya: "Mkulima anayekosa ghala huuza alizeti kwa bei ya chini wakati wa mavuno." Mwanafunzi akiandika "Mlimaji asiye na ghala huuza alizeti kwa bei ndogo msimu wa kuvuna," amebadilisha maneno machache na kuacha mwili wa sentensi ulivyokuwa. Hiyo bado ni sentensi ya mwenyewe. Kusema upya kwa kweli kungekuwa hivi: "Kwa mwandishi huyu, tatizo la bei linaanzia kwenye uhifadhi: asiye na mahali pa kuweka mbegu hana uwezo wa kusubiri." Njia salama ni kusoma aya, kufunga kitabu, kuandika ulichokielewa, kisha kufungua tena ili kuhakiki na kuandika ukurasa.

Kutaja chanzo ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kujua chanzo kinaenea hadi wapi. Kuhusu Wanyaturu, maktaba nyingi za ughaibuni zina kitabu cha Harold K. Schneider, The Wahi Wanyaturu, cha mwaka 1970, na cha Marguerite Jellicoe, The Long Path, cha mwaka 1978. Vyote viwili vinawahusu hasa Wawahi, ambao ni tawi moja la Wanyaturu. Mwanafunzi anayevitumia kuwasemea Wanyaturu wote amevuka mpaka wa ushahidi. Anayevitumia kuwasemea Wanyiramba wa Iramba, Wagogo wa Manyoni na Wahadzabe wanaoishi jirani na Ziwa Eyasi amevuka zaidi. Mhadhiri wa mbali huenda asiligundue kosa hilo. Mwanafunzi aliyezaliwa huko anaweza kuliona, na hapo ndipo anapoweza kuandika jambo ambalo wenzake darasani hawawezi.

Ni vyema pia kujua mapema mtindo wa marejeo unaotumiwa na idara yako, kwa maana APA, MLA, Chicago na Harvard hutofautiana hata katika nafasi ya mwaka na alama za vituo. Mtindo haukaririwi, hufuatwa kwa kuangalia mwongozo.

Vitenzi vya kumtaja msemaji

Watafsiri wanalijua tatizo hili vizuri. Kwa Kiswahili, tukisema "Fulani anadai," mara nyingi tunaashiria shaka. Kitenzi cha Kiingereza "argue" katika andiko la kitaaluma hakina shaka hiyo: maana yake ni kwamba mtu ametoa hoja. Kamusi ikikupa bishana au gombana, jua kwamba hayo ni matumizi ya nyumbani na mitaani. Kisawe cha chuoni ni toa hoja au jenga hoja. Neno hoja lenyewe, lililotoka Kiarabu, lina uzito wa uthibitisho, si ugomvi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kitenzi cha Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili una msimamo gani juu ya unayemtaja. Bainisha na onyesha humaanisha kwamba unakubali aliyosema ni kweli. Toa hoja na shikilia humwachia mwenyewe mzigo wa kuthibitisha. Pendekeza na dokeza huonyesha kwamba mwandishi mwenyewe hakuwa na uhakika kamili. Kiri huonyesha kwamba amekubali jambo lisilomfaa. Anayetumia kitenzi cha kusema peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho hupoteza nafasi ya kuonyesha amesoma kwa kupima.

Vivyo hivyo kwa kadiri ya uhakika. Kiswahili kina huenda, yaelekea, aghalabu na kiambishi hu- cha mazoea. Kiingereza cha kitaaluma hutumia maneno ya namna hiyo kwa wingi, kwa sababu kauli isiyo na kipimo huangushwa na mfano mmoja tu wa kinyume. Ni afadhali kuepuka sana, kabisa na siku zote, ambayo hutia nguvu katika hotuba lakini hudhoofisha hoja.

Kupanga kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza

Je, ni vibaya kufikiri kwa Kiswahili? Si vibaya hata kidogo. Mpango wa insha, yaani swali, dai, hoja tatu au nne na ushahidi wa kila moja, waweza kuandikwa kwa Kiswahili, au kwa Kinyaturu kwa anayeweza. Wazo ambalo huwezi kumweleza ndugu yako kwa lugha ya nyumbani yamkini bado hujalielewa. Lakini aya zenyewe ziandikwe moja kwa moja kwa Kiingereza. Kuandika insha nzima kwa Kiswahili na kuitafsiri huleta sentensi ndefu zisizo na mkazo, na huvuruga hesabu ya maneno: neno moja la Kiswahili kama wanaolilima huhitaji maneno matatu ya Kiingereza. Tafsiri ya kompyuta haiondoi shida hiyo, na vyuo vingi vina kanuni juu ya matumizi yake ambazo yafaa kuzisoma kabla.

Hesabu ya maneno ni sehemu ya mpango. Insha ya maneno 1,500 yaweza kugawanywa hivi: utangulizi 150, hitimisho 150, na 1,200 zilizobaki ziwe aya sita za maneno 200. Kila aya ibebe hoja moja.

Makosa yatokayo Kiswahilini

Yapo makosa ambayo mwalimu hutambua mara moja kwamba mwandishi anatoka kwenye Kiswahili. Kuyajua mapema ni nusu ya kuyaponya.

Ingawa... lakini. Kwa Kiswahili tunasema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini mavuno yalikuwa haba." Kwa Kiingereza, "although" na "but" havikai pamoja katika sentensi ya namna hiyo, chagua kimoja.

Jadili kuhusu. Kitenzi "discuss" hakifuatwi na "about". Kosa hili huzaliwa na zungumza kuhusu.

Taarifa, vifaa, utafiti. Kwa Kiingereza nomino "information", "equipment" na "research" hazichukui wingi katika matumizi haya.

Kiambishi a-. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, hivyo "he" na "she" hubadilishana bila mwandishi kujua. Pitia rasimu mara moja kwa ajili ya jambo hili peke yake.

Vibainishi "a" na "the". Kiswahili hakina. Kanuni ya kuanzia ni hii: jambo linapotajwa mara ya kwanza na bado halijulikani, aghalabu hupata "a", likitajwa tena, hupata "the". Kanuni haimalizi kila hali, lakini hupunguza makosa mengi.

Muda wa kujiandaa

Mtihani wa IELTS, ambao vyuo vingi huuomba, una swali la insha ya maneno yasiyopungua 250, na mtahiniwa hushauriwa kutumia dakika 40 hivi. Kufaulu sehemu hiyo huonyesha kwamba unaweza kupanga mawazo kwa Kiingereza bila msaada. Hakuonyeshi kwamba unaweza kusoma maandiko kumi na kuyapima, kwa kuwa mtihani hauulizi vyanzo. Maandalizi ya mtihani na maandalizi ya insha ya chuo ni kazi mbili.

Kwa mwezi mmoja kabla ya safari, mpango huu unatosha. Wiki ya kwanza, soma makala mbili za fani yako, na katika kila aya pigia mstari sentensi inayobeba hoja. Wiki ya pili, andika muhtasari wa kila makala kwa maneno yako, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza bila kuangalia ule wa Kiswahili. Wiki ya tatu, chagua swali linalohusu jambo unalolijua nyumbani, liundie dai, na uandike rasimu. Wiki ya nne, mpe mtu asome na umwulize swali moja tu: ninadai nini? Akishindwa kujibu, kasoro haiko kwenye sarufi. Iko kwenye dai, na hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.

Rasimu, kwa asili ya Kiarabu, ni mchoro. Mchoro hufutwa na kuchorwa upya bila aibu. Mwanafunzi anayefika chuoni akiwa amekwisha kuifuta rasimu yake mara mbili au tatu hukuta kwamba insha ya kwanza anayopewa ni ngumu, lakini aina ya kazi anaifahamu.